Mwaka Tuliosali Nje

Kanisa la kigango chetu lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa nyasi, na sakafu yake akina mama waliisiriba upya kila Jumamosi. Altare ilikuwa meza ya mninga iliyochongwa na seremala aliyejifunza kazi katika karakana za Peramiho. Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye mwembe na kugongwa kwa kipande cha nondo. Siku za juma jengo hilohilo lilikuwa shule, na mimi ndimo nilimojifunzia a, e, i, o, u, nikiwa nimekaa kwenye gogo.

Anayetaka kujua palikuwa wapi, atoke Songea mjini, afike Likuyufusi, kisha aifuate barabara ya kusini iendayo Muhukuru na mwisho wake Mkenda, kwenye mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, mkoa wa Niassa. Leo barabara hiyo inapitwa na magari ya mizigo. Wakati ninaousimulia, gari likipita tulikimbilia barabarani kulipungia mkono, na tulilikumbuka juma zima.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa dini. Padre wa parokia alifika kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, na mvua zikikolea angeweza kukosa mwezi mzima. Katikati hapo kila kitu kilimwangukia Baba: sala ya Jumapili, mafundisho ya wakatekumeni, kubatiza mtoto aliye mahututi usiku wa manane, kuzika, kusuluhisha mume na mke waliorushiana vyungu. Posho yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mama aliiita ya chumvi. Tuliishi kwa mahindi na maharage, na fedha ya sare na kodi ilitoka kwenye tumbaku ya moshi tuliyouza Ngomat, chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilichokuwapo tangu mwaka 1936. Mikono ya Baba siku ya Jumapili ilinuka tumbaku hata akiisugua kwa majivu.

Alikuwa mkali. Nasema hivyo kwa sababu waliokufa tunapenda kuwapaka sukari. Aliwaadhibu wavulana kwa kuchelewa sala ya jioni, na mtu aliyemtukana jirani yake hakumruhusu kuimba mbele mpaka wapatane hadharani. Katekisimu aliijua yote kwa moyo. Swali lake la kupenda kutuuliza ni lile la kwa nini Mungu ametuumba, ambalo jibu lake lina kumjua, kumpenda na kumtumikia. Tulilijibu kwa wimbo, bila kufikiri, tukiangalia nje.

Tarehe 25 Septemba 1964 Frelimo ilianza vita vya kumwondoa Mreno Msumbiji. Sisi watoto hatukuijua tarehe hiyo, ila tulijua kwamba mvua za kwanza za mwaka ule zilikuja na watu. Walivuka Ruvuma usiku kwa mitumbwi au kwa miguu pale maji yalipokuwa machache, wakapita porini wakiogopa barabara. Wengi walikuwa Wayao na Wanyanja, na wachache walisema Kingoni kama chetu chenye lafudhi ngeni, maana Wangoni tuko pande zote mbili za mto. Walibeba watoto, vyungu, mikeka, na mwanamke mmoja alibeba jiwe la kusagia. Mama alimcheka kimoyomoyo, jiwe kutoka Msumbiji! Baadaye akalazimika kuliazima.

Waliopita tangu mwanzo walipewa maji na kuelekezwa mbele. Lakini lilikuja kundi ambalo halikuweza kuendelea. Walikuwamo wajawazito, na mzee mmoja aliyekuwa amevimba miguu. Mvua ilinyesha usiku huo kama imefungiwa mwaka mzima, nao walikuwa wamejibanza chini ya mwembe wa kengele. Baba aliamka, akachukua taa ya chemli, akaenda kufungua mlango wa kanisa. Hakumwuliza mzee wa kanisa hata mmoja.

Lakini kabla ya Baba kuamka, Bibi alikuwa ameshakwenda.

Bibi, mama yake Baba, hakuwa amebatizwa. Mwalimu wa dini, na mama yake mpagani ndani ya nyumba yake! Watu walilisema hilo vichochoroni na Baba alilijua. Kisa chake kilikuwa kirefu. Bibi alikuwa kigori wakati wa vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini miaka saba kabla, ilichomwa moto, na askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa akiwa safarini kutoka pwani. Kisha Wajerumani wakalipiza. Tarehe 27 Februari 1906 wakawanyonga wakuu wa Wangoni pale Songea, mahali ambapo leo pana makumbusho na kila Februari tunakwenda kuweka mashada. Kabla hawajanyongwa, padre aliingia gerezani akawabatiza wengi wao. Watu wa kanisa husimulia jambo hilo kama neema, na huenda ni neema. Bibi, aliyelisikia akiwa mtoto, alielewa kitu kingine: kwamba ukimwagiwa maji na padre, kamba inafuata. Baba alimfundisha miaka na miaka, naye alisikiliza kwa adabu, akamaliza kwa kusema, "Mwanangu, ninyi mmebatizwa mkiwa mnanyonya, hamkuona."

Baada ya kunyonga, Wajerumani walichoma maghala na mashamba, ikaja njaa. Bibi alikula mizizi ya porini na magome. Aliponea katika nyumba ya watu wasio wa ukoo wake, ambao walimpa uji na mahali pa kulala na hawakumwuliza jina mpaka alipopata nguvu za kulitaja. Usiku ule wa mvua alibeba chungu cha viazi vilivyobaki jioni, akiwa amejifunika gunia, akaenda mwembeni. Baba alipofika na taa yake alimkuta anagawa.

Asubuhi palizuka ugomvi. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye nitamwita Mzee tu, alifika akakuta nepi zimeanikwa kwenye benchi la mbele na moto umekokwa hatua chache kutoka altareni. Alikuwa mtu mwaminifu kuliko wengi. Zaka yake ya mavuno ilikuwa ya kwanza kufika, na nguzo za kanisa lile yeye na ndugu zake ndio waliozikata na kuzibeba begani. Akasema nyumba ya Mungu imebarikiwa kwa ajili ya Mungu. Baba akajibu kwamba Sakramenti Takatifu hailazwi pale, kwa hiyo jengo linaweza kulaza watu. Mzee akasema altare imebarikiwa. Baba akasema altare wataibeba. Na hapo Mzee akatoa neno ambalo kigango kizima kililirudia kwa miaka: "Kwanza mmetuondolea Kilatini, sasa mnatuondolea na kanisa!"

Zilikuwa siku za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, misa ilikuwa inaanza kusaliwa kwa Kiswahili, na wazee waliokuwa wameyashika majibu ya Kilatini kwa jasho walijiona wamenyang'anywa mali. Namwelewa Mzee vizuri zaidi sasa nikiwa na umri wake. Alikuwa pia na hoja nyingine zisizo za kanisa. Ndege za Wareno zingeweza kuwafuata wakimbizi. Miezi ile, Desemba mpaka Machi, ndiyo miezi ya njaa kwetu, mahindi ya zamani yanaisha ghalani na mapya bado mabichi. Ukikaribisha watu wakati huo, unawakaribisha kwenye sufuria tupu.

Baba alituma taarifa ofisi ya serikali Songea, na barua misheni. Kisha akaitisha mkutano, na katika mkutano huo hakuhubiri. Alileta daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, akaandika majina ya nyumba zote za kigango. Kila nyumba ikapangiwa siku yake: maji madebe mawili, mzigo wa kuni, unga wa kujaza kibaba, na mboga yoyote iliyopatikana. Walioweza kutoa zaidi watoe, lakini zamu ni zamu. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa letu. Jina la pili lilikuwa la Mzee.

Huruma ya siku za mwanzo ni nyepesi, hata asiye na dini anayo. Mtoto analia, unampa kiazi. Lile daftari lilikuwa kwa ajili ya juma la sita, watu wakishachoka na wageni, wakishawazoea, wakishagundua kwamba wanakoroma, wanagombana, wanachafua kisima na wanalalamika chumvi haitoshi. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho. Nilimwona siku moja ya zamu yetu akiweka debe kichwani, akilishusha, akakaa chini akasema, "Ee Mungu, hawa watu wako!" Hakusema kwa utamu. Kisha akaenda kisimani.

Baba alihesabu. Nyumba iliyoruka zamu iliwekewa alama, na Kwaresima ilipofika aliwaita wenye alama, mmoja mmoja, akawaonyesha kabla padre hajaja kuungamisha. Baadhi walikasirika, wakasema mwalimu ameifanya dini kuwa kodi. Siku moja nilichungulia nikaona kwamba hata nyumba yetu ilikuwa na alama, ya siku ambayo Mama alikuwa amelala na homa. Nilimwambia si haki. Akanijibu kwamba maji hayakufika, na waliokuwa na kiu hawakunywa homa ya Mama. Nilimchukia kwa jibu hilo, na hata leo nadhani alikuwa amezidisha. Lakini alikwenda mwenyewe kisimani kulipa siku ile, mwanamume na debe kichwani, na wanaume wa kijiji wakamcheka barabara nzima.

Padre alifika mvua zilipopungua kidogo. Alikuwa Mjerumani wa makamo, ndevu ndefu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wetu. Tulikusanyika kuona atafanya nini. Alisimamisha pikipiki, akafungua sanduku la misa, akaelekea kanisani, akasimama mlangoni. Ndani mtoto alikuwa anaogeshwa kwenye karai. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," na waliokuwa ndani, ambao karibu nusu yao walikuwa Waislamu, hawakujua cha kuitikia, ila mwanamke mmoja akasema, "Karibu." Padre akageuka akamwuliza Baba, "Altare iko wapi?" Ilikuwa chini ya mwembe, imefunikwa kitambaa, watoto wakizuia kuku. Akasali misa pale. Mahubiri yake yalikuwa mafupi na yalihusu kuchimba choo. Safari iliyofuata alileta blanketi, dawa kutoka hospitali ya Peramiho, na sepeto mbili.

Tulisali nje mwaka mzima na zaidi. Mvua ikija tuliloa, na siku za baridi ya Juni upepo uliotoka vilima vya Matogoro ulizima mishumaa mpaka padre akaacha kuiwasha.

Yule mzee aliyevimba miguu alikuwa Myao, mwalimu wa Kurani huko kwao. Miguu ilipopona alianza kuswali nyuma ya kanisa, na watoto wake, na baadaye wanaume wengine. Jioni zao na jioni zetu ziligongana. Sisi tulikuwa na rozari, na rimu ile ya lori ikigongwa ilisikika mpaka mtoni. Siku moja Baba alikwenda kukaa naye kwenye kigogo, wakazungumza kwa Kiswahili cha pwani, cha mzee, na cha misheni, cha Baba. Kuanzia hapo kengele ya rozari iligongwa baada ya magharibi yao kwisha. Hakuna mkutano ulioitishwa juu ya hilo. Wapo walionung'unika kwamba sasa hata saa ya Bikira Maria inapangwa na Waislamu, lakini walinung'unika wakiwa wamechelewa kutoka shambani, na ucheleweshaji ule uliwafaa.

Mzee wa kanisa hakuja kusali chini ya mwembe. Hata mara moja. Jumapili alitembea kwa miguu mpaka kigango cha jirani, mwendo wa asubuhi nzima, na kurudi. Zamu yake, hata hivyo, hakuiruka. Mkewe na mabinti walileta maji na unga siku yao bila kukosa, na katika daftari jina lake halikuwa na alama hata moja. Halafu mahindi yake mabichi yakaibwa. Alisema ni vijana wa kanisani, na sote tukamwona mchoyo anayetafuta kisa. Ilikuwa kweli. Wavulana wanne wa wakimbizi walikutwa wakichoma mahindi porini. Baba aliwachukua hao wavulana na kaka zangu wawili ambao hawakuiba kitu, akawapeleka wapalilie shamba la Mzee mpaka lilipokwisha. Kaka zangu waliuliza kosa lao. Akasema, "Wale ni wageni wenu."

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa mbegu. Mvua za pili zilipokaribia, wakimbizi walitaka kulima, wala hawakutaka kulishwa maisha. Ardhi ilikuwepo, watu wakaonyeshwa. Lakini mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya moshi jikoni, na mwaka ule yaliyobaki yalihesabika kwa vidole. Mtu atagawa chakula, lakini mbegu! Katika mkutano huo Bibi aliingia, mwanamke, tena asiyebatizwa, akaweka katikati fungu lake lote. Akasema maneno machache ya Kingoni, kwamba waliookoa uhai wake walimpa pia mbegu, na ndizo hizi, zimezaa mpaka leo. Sijui kama mahindi yanaweza kuwa yaleyale kwa miaka sitini. Wakulima wenzangu wanacheka nikiwasimulia. Lakini usiku ule hakuna aliyebisha, na kufikia asubuhi fungu lilikuwa kubwa.

Baba alilirudia swali lake la katekisimu Jumamosi hiyo. Kumjua Mungu, alisema, nimewafundisha. Kumpenda ndiyo nini? Mmoja akasema kusali, mwingine kwenda kanisani, na tukaangua kicheko kwa sababu kanisani walikuwa wamelala watu. Baba hakucheka. Akafungua daftari akauliza kesho ni zamu ya nani.

Serikali ilitenga makazi ya wakimbizi Muhukuru, na huko ndiko walikohamishiwa wetu. Waliokuja kuwachukua walikuwa watu wa TCRS, shirika la kuhudumia wakimbizi ambalo Walutheri walilianzisha mwaka 1964. Kwa hiyo Waislamu walitoka katika kanisa la Wakatoliki wakapanda lori la Walutheri, na Baba, aliyefundishwa utotoni kwamba Walutheri ni watu wa kuogopwa, aliwasaidia kufunga mizigo kwa kamba. Jiwe la kusagia lilibaki kwetu. Mwanamke mwenye jiwe alisema kule atapata jingine. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walivuka kurudi, na wengine wamezikwa Muhukuru, na wajukuu wao wanauza mahindi katika masoko ya Songea mjini kama sisi wengine.

Bibi alibatizwa miaka michache baada ya wakimbizi kuhama, alipougua ugonjwa uliomchukua. Aliomba mwenyewe. Padre alikuwapo kijijini siku hiyo, na Baba alikimbia kumwita, lakini Bibi akakataa katakata: abatizwe na mwanawe au wamwache. Padre akampa Baba kikombe cha maji, akatoka nje akakaa na wajukuu mpaka kazi ikaisha.

Mimi nilisoma, nikawa mwalimu wa shule za msingi, nikastaafu, na sasa nakaa Mjimwema, Songea. Kigango kile hakipo pale kilipokuwa. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tulihamishwa kupangwa kando ya barabara, na kanisa jipya likajengwa kwa matofali ya kuchoma. Askofu alikuwa James Komba, aliyeanza kuliongoza jimbo jipya la Songea mwaka 1969. Zikaja jumuiya ndogondogo, ikaja WAWATA ya wanawake Wakatoliki, zikaja sare za vitenge na kwaya zenye vinanda. Sina neno baya juu ya hayo, kwaya yetu naipenda. Lakini nikikaa kwenye jumuiya nikasikia tukijadili kwa saa mbili rangi ya sare ya jubilei, na mgonjwa wa nyumba ya tatu hajapelekewa hata uji, huwa nauliza kama kuna mwenye daftari. Wananiona bibi mkorofi.

Lori la mwisho lilipoondoka, kanisa lilibaki limechoka. Paa lilikuwa limeoza upande mmoja, kuta zimechorwa kwa mkaa, na pale kwenye moto sakafu ilikuwa imegeuka nyeusi na ngumu. Wanaume wa wakimbizi walikuwa wamekata nyasi na kuzifunga matita kabla ya kuondoka, kwa hiyo kuezeka kulichukua siku chache tu. Mzee alifika siku ya kwanza, akiwa na ngazi yake. Hakuna aliyemwambia neno, na yeye hakumwambia mtu neno, akapanda juu.

Kazi ilipokwisha akasema sharti lake: harudi ndani mpaka jengo libarikiwe upya. Padre alipokuja akaelezwa. Wengi walitazamia amkatalie, kwa kuwa kulaza watu hakulitii jengo unajisi wowote, na yeye mwenyewe alikuwa ameyasema hayo. Alimtazama Mzee kwa muda. Kisha akavaa stola, akaagiza maji na chumvi, akalizunguka kanisa lote nje na ndani akilinyunyizia, kila pembe, hata choo ambacho mahubiri yake yalikuwa yamekichimba. Vijana walicheka mpaka wakakemewa. Mzee alifuata nyuma yake amevua kofia, na ndoo ya maji ya baraka aliishika Baba.